Uwanja Mdogo, Sauti Kubwa: Rekodi za Foramu ya Roma

Rekodi ya kwanza ya Foramu ya Roma ni udogo wake. Uwanja wenyewe, ule uliosakafiwa kwa mawe ya travertino kuanzia jukwaa la wasemaji hadi hekalu la Julius Caesar, una urefu wa mita 130 hivi na upana wa mita 50. Uwanja wa mpira wa kimataifa unauzidi kwa eneo. Hapo ndipo sheria zilipopigiwa kura, kesi zikaamuliwa, fedha zikakopwa, vigogo wakaombolezewa na ushindi wa vitani ukashangiliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa miaka zaidi ya elfu moja.

Wageni wengi wa Roma hukimbilia Colosseum kwa sababu ya ukubwa wake. Mimi ningewaongoza kwanza kwenye Foramu. Rekodi nilizozikusanya hapa ni za vitu vya kale zaidi, vya ghali zaidi na virefu zaidi, ila zinazonigusa kuliko zote ni zile za sauti za watu.

Ya kale zaidi

Kabla ya kuwa uwanja, bonde hili lililo kati ya vilima vya Palatino na Capitolino lilikuwa tope na makaburi. Mvua iliponyesha, maji yaliteremka kutoka vilimani yakatuama. Waroma walisimulia kuwa wafalme wa ukoo wa Tarquinius ndio waliochimba mfereji wa Cloaca Maxima ili kuyapeleka maji hayo kwenye mto Tiber. Mwanzoni mfereji ulikuwa wazi, baadaye ukafunikwa kwa matao ya mawe, na sehemu yake inapitisha maji hadi leo. Kila hotuba iliyotolewa Foramu ilitolewa juu ya mtaro huo.

Mwaka 1899 mwanaakiolojia Giacomo Boni alichimba chini ya sakafu ya mawe meusi karibu na jengo la seneti, akakuta nguzo fupi ya jiwe iliyovunjika, yenye maandishi ya karne ya 6 KK. Ni miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya kale zaidi yanayojulikana. Mstari mmoja unakwenda upande huu, unaofuata unarudi upande ule, kama jembe linavyogeuka mwisho wa shamba. Mengi hayasomeki, lakini neno la mfalme limo. Kufikia siku za Caesar Waroma wenyewe walikuwa wamekwisha kusahau jiwe hilo lilihusu nini. Wengine walisema ni kaburi la Romulus, wengine wakataja mtu mwingine kabisa. Hata hivyo walipatandika mawe meusi na kupazungushia ukingo ili pasikanyagwe. Heshima ilidumu hata baada ya maana kupotea.

Kosa lililodumu muda mrefu zaidi

Waroma walihesabu saa za mchana kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza, hivyo saa sita yao ilikuwa adhuhuri. Adhuhuri ilikuwa na uzito wa kisheria. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za katikati ya karne ya 5 KK, ziliagiza kwamba ikipita adhuhuri na upande mmoja wa kesi haujafika, hakimu ampe ushindi aliyehudhuria. Lakini kwa muda mrefu mji haukuwa na chombo cha kupimia wakati. Mtumishi wa konsuli alisimama penye jengo la seneti akilitazama jua, na lilipofika kati ya jukwaa la wasemaji na mahali walipongojea mabalozi wa Kigiriki, alitangaza kwa sauti kwamba ni adhuhuri.

Ndipo mwaka 263 KK, katika vita vya kwanza dhidi ya Carthago, konsuli Manius Valerius Messalla alipouteka mji wa Catania huko Sicilia na kurudi na saa ya jua kama nyara. Ilisimamishwa juu ya nguzo karibu na jukwaa, watu wote waione. Ubaya ni kwamba ilikuwa imechongwa kwa ajili ya jua la Catania, na Roma iko zaidi ya digrii 4 kaskazini ya hapo, kwa hiyo mistari yake haikulingana na saa za Roma. Mwandishi Plinius Mkubwa anaeleza kwamba waliifuata vivyo hivyo kwa miaka 99, mpaka Quintus Marcius Philippus alipoweka nyingine iliyopimwa vizuri kando yake, mwaka 164 KK. Miaka mitano baadaye Scipio Nasica aliongeza saa ya maji, na kwa mara ya kwanza Roma ikaweza kuhesabu saa usiku na siku za mawingu.

Ninaitaja rekodi hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha Foramu ilikuwa nini kwa watu wake. Kati ya saa ile na ile iliyoirekebisha, Roma ilipambana na Hannibal, ikaitwaa Hispania, ikawashinda wafalme wa Makedonia. Muda huo wote, mtu aliyetaka kujua saa alikwenda uwanjani kutazama kivuli kilichokokotolewa kwa ajili ya mji mwingine, na kwa kuwa wote walitazama kivuli kimoja, waliweza kukutana.

Sauti iliyofika mbali zaidi

Jukwaa la wasemaji liliitwa Rostra kutokana na midomo ya shaba ya merikebu za kivita. Waroma waliziteka meli za Antium mwaka 338 KK, wakaing'oa midomo hiyo na kuipigilia mbele ya jukwaa. Kuanzia hapo kila mwanasiasa alihutubia akiwa juu ya nyara za adui.

Hakukuwa na kipaza sauti. Kulikuwa na kifua, koo na umati. Mwenye rekodi ya sauti, kwa ushahidi ninaouamini, ni Galerius Trachalus, aliyekuwa konsuli mwaka 68 BK. Kwenye Basilica Julia, ukumbi mrefu wa mahakama uliokuwa ubavuni mwa uwanja, mahakama nne zilikaa kwa wakati mmoja chini ya paa moja, kila moja na mawakili wake, mashahidi wake na mashabiki wake. Mwalimu wa ufasaha Quintilianus alikuwapo siku Trachalus alipokuwa akitetea kesi mbele ya mahakama ya kwanza huku ukumbi mzima ukinguruma kwa makelele. Anashuhudia kwamba Trachalus alisikika, akaeleweka, na akashangiliwa na mahakama zote nne, jambo lililowavunjia heshima kabisa mawakili waliokuwa wakizungumza kwenye hizo nyingine tatu.

Hotuba mashuhuri zaidi

Hii haina mpinzani: ni ya Marcus Antonius kwenye mazishi ya Julius Caesar, Machi 44 KK. Wasomaji wa Kiswahili tumeipata kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Vijana wengi walisimama mbele ya darasa wakaighani, na umati wa Roma ukazungumza Kiswahili.

Maneno yenyewe ya Antonius hayakuhifadhiwa. Mwandishi Suetonius anasema alimwachia mpiga mbiu asome maazimio ya seneti yaliyompa Caesar heshima zote, na kiapo cha maseneta cha kumlinda, kisha yeye mwenyewe akaongeza maneno machache tu. Mwanahistoria Appianus anasimulia habari ndefu zaidi. Kwake Antonius anaimba, analia, analiinua kwa mkuki vazi lililolowa damu. Halafu, kwa kuwa maiti ilikuwa imelazwa na haionekani na watu, ikainuliwa sanamu ya nta iliyozungushwa kwa mtambo ili kila upande wa uwanja uone majeraha yote 23.

Kilichofuata waandishi wote wanakubaliana. Umati haukungoja mwili upelekwe ulikopangwa kuchomewa. Walivunja mabenchi ya mahakama na viti vya mahakimu, wakarundika kuni papo hapo, wakawasha moto. Askari wazee walitupia silaha zao motoni, wanawake mapambo yao. Mwaka 29 KK Augustus alizindua hekalu mahali hapo, na hadi leo wapo wanaoacha maua juu ya mabaki ya madhabahu yake.

Hotuba iliyohitaji moyo zaidi

Desemba 43 KK Cicero, msemaji bora kuliko wote wa Kilatini, aliuawa kwa amri ya watawala watatu waliokuwa wamegawana dola: Antonius, Octavianus (ndiye Augustus wa baadaye) na Lepidus. Antonius aliamuru kichwa chake na mikono yake iliyoandika hotuba za kumshambulia itundikwe kwenye Rostra, palepale alipokuwa akihutubia. Ujumbe ulikuwa wazi kwa kila mtu mwenye ulimi.

Mwaka uliofuata watawala hao walipungukiwa fedha za vita. Walitangaza kwamba wanawake 1,400 matajiri kuliko wengine wakadirie mali zao na kulipa kodi maalumu. Wanawake walijaribu kwanza kupitia kwa mama, dada na wake wa watawala. Dada wa Octavianus na mama wa Antonius waliwapokea; Fulvia, mke wa Antonius, aliwafukuza mlangoni. Basi wakaenda Foramu kwa miguu, wakapita katikati ya umati na walinzi, na mbele ya kiti cha watawala akasimama Hortensia, binti wa wakili maarufu Hortensius.

Kwa mujibu wa Appianus, hoja yake ilikuwa hii: mmetunyang'anya baba, waume, wana na ndugu zetu kwa kisingizio cha kuwakosea ninyi, sisi hatujawakosea kwa lolote. Hatuna kura, hatuna vyeo, hatuna majeshi. Kwa nini tulipie vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo hatukuvipiga kura? Akija adui wa nje tutatoa mapambo yetu kwa hiari, kama mama zetu walivyotoa zamani za vita dhidi ya Carthago.

Watawala walikasirika. Waliamuru walinzi wawasukume wanawake hao mbali, lakini umati wa nje ulipaza sauti, na walinzi wakasita. Kesho yake orodha ya wanawake 1,400 ilipunguzwa ikawa 400, na wanaume wenye mali inayozidi drakma 100,000 wakaingizwa kwenye mzigo huo. Zaidi ya karne moja baadaye Quintilianus aliandika kwamba hotuba ya Hortensia bado inasomwa, na si kwa sababu tu ni ya mwanamke. Kwa maoni yangu hakuna jengo lolote Roma, liwe la marumaru au la dhahabu, linaloizidi saa ile.

Ghali zaidi, refu zaidi, kubwa zaidi

Kisha yakaja mashindano ya mawe. Julius Caesar aliuona uwanja wa zamani umebanana, akaanza kununua ardhi jirani ili ajenge foramu yake, akisaidiwa na Cicero huyohuyo. Suetonius anataja kwamba kiwanja pekee kiligharimu zaidi ya sesterti milioni 100. Askari wa legioni, baada ya Caesar kumpandishia mshahara, alipata sesterti 900 kwa mwaka. Yaani bei ya ardhi hiyo, kabla ya tofali la kwanza, ingewalipa askari 110,000 kwa mwaka mzima.

Augustus alifuata na foramu yake, iliyozinduliwa mwaka 2 KK pamoja na hekalu la Mars Mlipiza Kisasi. Ukuta wake wa nyuma una urefu wa takriban mita 33 kwenda juu, nao bado umesimama. Ulitenganisha marumaru na mtaa wa Subura, uliosongamana nyumba za kupanga na kuandamwa na moto. Tazama pembe za nyuma za uwanja huo: zimepinda. Suetonius anaeleza kwamba Augustus aliufanya uwanja kuwa mwembamba kuliko alivyotaka kwa kuwa hakuthubutu kuwanyang'anya majirani nyumba zao. Mtu aliyekuwa na legioni zaidi ya 20 alikunja ramani yake mbele ya hati ya kiwanja. Ningetamani kila mpangaji wa mji asimamishwe mbele ya pembe zile kwa dakika chache.

Mshindi wa ukubwa ni Traianus, aliyetumia nyara za vita vya Dacia na ubunifu wa Apollodorus, mhandisi kutoka Dameski. Foramu yake ilizinduliwa mwaka 112 BK, na pamoja na majengo yake ilichukua takriban mita 300 kwa 185, zaidi ya mara nane ya eneo la uwanja wa zamani. Ili kupata nafasi walichonga ubavu wa kilima. Nguzo iliyosimamishwa mwaka 113, takriban mita 38 pamoja na kitako chake, ina maandishi yanayosema kwamba imewekwa ili kuonyesha kimo cha kilima kilichoondolewa. Ndani yake kuna ngazi 185 za mzunguko, na nje umezungushwa mkanda wa michoro wa karibu mita 200, wenye watu zaidi ya 2,500 waliochongwa.

Mwaka 118 uwanja huo ulipata rekodi yake ya fedha. Hadrianus, kaisari mpya, alifuta madeni ya watu kwa hazina yake yenye thamani ya sesterti milioni 900, na hati za madeni zikachomwa moto katika Foramu ya Traianus ili asitokee wa kudai tena. Kwa mshahara wa askari wa wakati huo, sesterti 1,200, hiyo ni miaka 750,000 ya kazi ya askari mmoja. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila mtu akilinganisha na siku ya Hortensia ataona kilichobadilika: katika uwanja mdogo watu walisimama wakadai, katika uwanja mkubwa walisimama wakapewa.

Hata makaisari wenyewe waliduwazwa na ukubwa huo. Constantius wa Pili alipoitembelea Roma mwaka 357, alisimama katikati ya Foramu ya Traianus akageuka huku na huku, akakata tamaa ya kujenga kitu kama hicho. Akasema angeiga farasi tu, ile sanamu ya Traianus akiwa amepanda. Hormisdas, mwana wa mfalme wa Uajemi aliyekuwa naye, akamjibu kwamba aamuru kwanza lijengwe banda la farasi linalofanana na hili. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus ndiye aliyetuhifadhia jibu hilo.

Nje ya Roma

Kila mji wa Kirumi ulitaka foramu yake. Mhandisi Vitruvius alipendekeza urefu wa sehemu tatu kwa upana wa sehemu mbili, ukubwa ulingane na idadi ya watu, wasibanane wala wasionekane wachache. Gerasa, katika Yordani ya leo, ilikataa pembe zote ikajenga uwanja wa umbo la yai, takriban mita 90 kwa 80. London ilipata ile kubwa kuliko zote kaskazini ya milima ya Alpi, karibu hekta 2, na Februari 2025 wanaakiolojia walitangaza kwamba mabaki ya ukumbi wa kwanza wa foramu ya mji huo, wa miaka ya 78 hadi 84 BK, yamepatikana chini ya jengo la ofisi.

Afrika ya Kaskazini ndiyo iliyolipa deni kubwa zaidi. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, alikuwa kaisari wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Mjini kwao alijenga foramu ya mita 100 kwa 60, iliyopambwa kwa vichwa vya Gorgoni, mwanawe Caracalla akaizindua mwaka 216. Ndani ya Foramu ya Roma, mwaka 203, lilisimamishwa tao lake la ushindi lenye majina yake na ya wanawe wawili. Caracalla alimuua mdogo wake Geta mwaka 211, akaamuru jina lake ling'olewe kila mahali. Kwenye tao, sifa zaidi za baba na za Caracalla ziliwekwa mahali pake, lakini matundu ya herufi za zamani bado yapo, na wataalamu wameyasoma. Hakuna jina lililofutwa Roma linaloonekana wazi kama hilo.

Huko Timgad, Algeria, mji ulioanzishwa na Traianus mwaka 100, sakafu ya foramu ina ubao wa mchezo uliochongwa na wakaaji wenye muda. Herufi zake zinatamka kwamba kuwinda, kuoga, kucheza na kucheka ndiko kuishi.

Ya mwisho kabisa

Mnara wa mwisho kuongezwa Foramu ya Roma ni nguzo ya Phocas, ya tarehe 1 Agosti 608. Phocas alitawala kutoka Constantinople baada ya kumuua kaisari Mauricius na wanawe. Ni aibu kwamba uwanja wa Cicero ulifungwa kwa sifa za mtu huyo, tena kwa nguzo ya mita 13.6 iliyochukuliwa kutoka jengo la zamani zaidi. Baadaye udongo ulipanda, ng'ombe wakalisha hapo, na mahali pote pakaitwa Campo Vaccino. Nguzo ilibaki wazi lakini jina lake likasahaulika, mpaka kitako kilipochimbuliwa mwaka 1813 na kusomwa.

Ila Foramu haikunyamaza milele. Jengo kubwa kuliko yote ya eneo hili, Basilica ya Maxentius, iliyokamilishwa na Constantinus baada ya mwaka 312, lilikuwa na dari ya kimo cha mita 35, na matao yake matatu bado yamesimama. Mwaka 1960 mashindano ya mieleka ya Olimpiki yalifanyika chini yake. Jioni ya tarehe 10 Septemba mwaka huo marathoni ilianzia chini ya kilima cha Capitolino na kumalizikia kwenye Tao la Constantinus, yaani Foramu yote ilikuwa kati ya mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Wakimbiaji waliizunguka kwa kilomita 42 za barabara za Roma. Karibu na mwisho walipita penye mnara wa Aksum, uliochukuliwa na Italia kutoka Ethiopia mwaka 1937, na hapo Mwethiopia Abebe Bikila, aliyekuwa peku, akamwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, muda bora kuliko wowote uliowahi kukimbiwa duniani, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki.